Mshipi wa Kinyozi

Katika mtaa ule, mwanamume aliyetaka kunyolewa na mwanamke aliyetaka kusukwa waliingia mlango mmoja. Ndani, chumba kiligawanywa na pazia la maua yaliyopauka. Upande huu palikuwa na kiti cha kinyozi, kile cha chuma kinachopandishwa kwa kukanyaga. Upande ule, benchi la msusi, vitana vyake ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na kioo kilichopasuka pembeni. Kinyozi na msusi walikuwa mtu na mkewe. Waliitwa Baba Mapacha na Mama Mapacha, ingawa mapacha wenyewe walikwisha kuota ndevu na kwenda kutafuta riziki mbali. Pazia lile lilizuia macho, maneno halikuyaweza: umbea ulioanzia kwa wanawake ulimaliziwa kwa wanaume, na hakuna aliyetoka pale na kichwa kizuri bila kutoka pia na habari za vichwa vya wenzake.

Kiharusi hakibishi hodi. Kilimkuta Baba Mapacha asubuhi ameshika wembe, amemwinamia mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amefumba macho kwa raha. Heri wembe ulianguka sakafuni. Mwalimu alipofumbua macho alimwona kinyozi wake ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, anajaribu kuomba radhi na maneno hayatoki.

Hospitali ilimrudishia mengi. Ulimi ulirudi. Mguu nao ukarudi, ukiburuta kidogo kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Kilichokataa ni mkono wa kulia. Si kwamba haukusogea. Ulikunja, ulikunjua, ulibeba kikombe. Ila haukuleta habari. Siku moja alikaa na bilauri ya chai ya moto mkononi, anaongea na mtu aliyekuja kumjulia hali, mpaka Mama Mapacha akaona ngozi ya vidole inababuka. Akampokonya bilauri kwa ukali. Yeye akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Mkono huu ni wa kuazima," alisema. "Mwenyewe akija, mpe."

Kunyoa kukawa basi. Kiti cha chuma kikafunikwa shuka. Dada yake mkubwa alikuja kumuuguza na hakuondoka tena. Mtaani walimwita Kipaza, kwa sababu hata siri aliisema kwa sauti ya kuitia watu mkutano. Ndiye aliyemlea Baba Mapacha mama yao alipofariki, na machoni pake mdogo wake alikuwa bado mtoto wa kuvishwa sweta. Yeye na Mama Mapacha walipendana kama mawifi wanavyopendana, yaani kwa kubishana. Chumvi imezidi, chumvi haijafika. Dirisha lifunguliwe, dirisha lifungwe.

Kabla ya ugonjwa, Baba Mapacha hakufungua Jumatatu. Siku hiyo alichukua fimbo zake za kuvulia akaenda bwawani na chambo cha ajabu: minyoo wa plastiki laini, wa zambarau na wa kijani, wanaonukia kama pipi. Mama Mapacha alimcheka miaka nenda miaka rudi. "Dunia imejaa minyoo wa bure," alikuwa akiwaambia wateja wake, "mume wangu ananunua wa dukani." Naye, kutoka upande wa pili wa pazia, alijitetea kwa subira ya mtu anayefundisha dini.

"Mnyoo wa kweli samaki anammeza, hata ukisinzia utamkuta. Huyu wa plastiki anamwonja tu. Akigundua kadanganywa anamtema. Sasa ule muda wa kuonja, ni kama mtu kukugusa bega kwenye umati. Mkono ukiusikia, umempata. Usipousikia, kakuaga."

Alijua kulisikia hilo guso. Ndiyo maana maneno aliyoyasema siku moja, mchana, akiwa amekaa mlangoni anaminyaminya mpira aliopewa hospitali, yalimkata mkewe maini.

"Zile fimbo mpelekee fundi baiskeli. Alizitamani siku zote."

"Na wewe je?"

"Mimi nikavue nini? Samaki aje, agonge, asubiri, aondoke zake, mimi nimekaa pale kama kisiki." Akacheka kidogo. "Wape wenye mikono, Mama Mapacha."

Mama Mapacha alikuwa anamsuka binti wa jirani, na mistari ikaenda kombo mpaka ikabidi aifumue yote. Alipomaliza, alijifunga kitenge kipya, akamwambia wifi yake anakwenda kutafuta mafuta ya nywele.

Duka la vifaa vya uvuvi lilijificha nyuma ya maduka ya mabomba na rangi. Mwenye duka alikuwa mtu mwembamba aliyepandisha miwani juu ya paji la uso na kuitafuta kila mahali pengine.

"Karibu, mama. Tukupatie nini?"

"Mshipi. Wa kuvulia kwa mnyoo wa plastiki."

Mwenye duka akaacha kutafuta miwani. "Kumbe! Bwawani? Maji ya huko yakoje, meupe au ya tope? Chini kuna mawe au majani?"

Hapo Mama Mapacha alikwama. Hajawahi kufika bwawani hata siku moja. Akafikiri kidogo. "Viatu vyake hurudi na kokoto," alisema. "Na suruali haina tope. Najua, maana nafua mimi."

"Basi maji ni meupe na chini ni mawe. Umenijibu kuliko wavuvi wengi." Akageukia rafu. "Ni zawadi ya mzee?"

"Mzee ameugua. Mkono wake hausikii kitu. Nataka uzi utakaomfikishia habari."

Yule mtu akashusha vigurudumu vitatu vya uzi, akavipanga mezani taratibu, kama muuza dhahabu.

"Huu ni nailoni. Mpole, haugombani na mtu, hata fundo bovu unalivumilia. Lakini unavutika. Samaki akigusa kule, nusu ya habari inapotelea njiani."

"Kama lastiki ya sketi."

"Hasa. Huu wa pili sisi tunauita kioo. Ukizama majini hauonekani, na mawe hayaukwaruzi ovyo. Unavutika kidogo tu. Wenye minyoo wengi wanaupenda. Na huu wa tatu ni wa kusuka. Hauvutiki kabisa. Nzi akitua kule, unajua."

Mama Mapacha aliuchukua ule wa tatu, akausogeza kwenye mwanga wa mlango, akauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimepandana moja juu ya nyingine bila kukosea.

"Nani kausuka?"

"Mashine, mama."

"Ina mkono mwepesi," alisema, kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Kasoro yake nini?"

"Samaki wanauona. Na jiwe likiukwaruza, kwaheri. Ndiyo maana wajuzi hufunga kipande cha kioo mbele, karibu na ndoano, halafu huu unafuata nyuma."

"Sasa upi utamfaa?"

Mwenye duka akajikuna kichwa, mkono ukakutana na miwani, akaona aibu. "Nikikuchagulia nitakudanganya. Mkono wake siujui. Nitakukatia kipande cha kila mmoja, kajaribuni. Huo atakaousikia, uje kuchukua."

Mama Mapacha alirudi nyumbani na vipande vitatu vimezungushiwa kwenye vipande vya boksi, akavificha kifuani kama mtu aliyeiba. Kipaza alimkuta jikoni anavitoa.

"Mafuta yenyewe ndiyo hayo?"

"Ni mshipi, wifi."

"Suruali zimeanza kumvuka? Si nilisema hali vizuri!"

"Mshipi wa kuvulia."

Kipaza akashika kiuno. "Mgonjwa na bwawa, wapi na wapi? Akiteleza? Akipigwa na baridi? Nilimlea mimi, wifi, najua kifua chake."

"Nami nimekaa nacho miaka mingi kuliko wewe," Mama Mapacha alijibu, ila kwa upole, maana aliona macho ya mwenzake yamejaa hofu. "Nisaidie, wifi yangu. Usiponisaidia wewe, sina mwingine."

Baba Mapacha aliposikia habari yenyewe alikasirika. Alisema hakumtuma mtu. Alisema hataki kufanywa mtoto wa kuchezewa mchezo. Lakini mkewe alikuwa ameshalitoa shuka juu ya kiti cha chuma, ameshakipangusa, na fimbo iko tayari. Mtu aliyekaliwa kooni na wanawake wawili waliokubaliana, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumba ile, hana pa kukimbilia. Akakaa.

Mama Mapacha alilifunga pazia pembeni. Uzi ukatoka kwenye ncha ya fimbo, ukapita juu ya benchi la msusi, ukakata ukumbi wa nyumba yao iliyokuwa nyuma ya chumba kile, ukaingia jikoni. Huko mwisho alifunga mnyoo wa zambarau, bila ndoano. Kipaza alikaa kwenye kigoda kuupokea.

"Kazi yako wewe ni samaki," Mama Mapacha alimwambia. "Minya kidogo kwa vidole, kama anayeonja. Kisha acha."

"Samaki gani yuko nchi kavu?" Kipaza aliuliza, akajaza beseni maji, akaliweka mbele yake, akatumbukiza mikono yote miwili. "Haya. Nimeshakuwa samaki. Uzee huu!"

Walianza na nailoni. Mama Mapacha alisimama katikati ya ukumbi, anamwona wifi yake huku na mumewe kule. Aliona vidole vikiminya. Kwa mumewe, kimya. Vikaminya tena.

"Vipi?" alimuuliza.

"Ameshaanza?"

"Nimeuma mpaka meno yananiuma!" Kipaza alipaza sauti toka jikoni.

Wakaweka kioo. Baba Mapacha aliinamisha kichwa, akafumba macho, mkono wa kulia umeishika fimbo kwa nguvu mpaka vifundo vikawa vyeupe. Baada ya muda akasema, "Sasa."

"Sijagusa bado," alisema Kipaza.

"Sasa."

"Mdogo wangu, najikuna pua."

Mama Mapacha akacheka. Alipomgeukia mumewe, kicheko kikamkauka. Baba Mapacha alikuwa anabahatisha. Alitaka kumfurahisha. Jasho limemtoka, na ule mdomo uliokuwa umeshanyooka ulikuwa unatetemeka upande mmoja.

"Tuweke wa tatu," alisema mkewe haraka.

Uzi wa kusuka haukuleta tofauti. Baba Mapacha alisubiri, akasubiri, hakusikia kitu. Mwishowe akailaza fimbo magotini.

"Umekufa huu, mke wangu. Usiubembeleze tena. Nakuona unavyohangaika, na inaniuma kuliko mkono wenyewe."

Mama Mapacha alimwendea akapiga magoti mbele ya kiti, pale pale alipokuwa akifagia nywele za wateja kila jioni. Akamshika mikono yote miwili. Wa kulia ulilala tu. Wa kushoto ukavifumba vidole vyake, ukamkaza.

Akautazama.

"Na huu?"

"Huo haujui kazi. Fimbo ni kulia, uzi kidole cha kulia. Tangu utoto wangu. Nilijaribu kupaka sabuni kwa kushoto, nikampaka mtu jichoni."

"Sikuambii unyoe. Fimbo ishike na huo huo wa kulia, nguvu unazo. Huu wa kushoto uguse uzi tu. Kwani ni wa jirani?"

Hakusubiri ruhusa. Aliirudisha fimbo mkononi mwake, akachukua kidole cha shahada cha kushoto, akaupitisha uzi wa kusuka juu yake, mbele ya kigurudumu cha fimbo kinachokunja uzi, akakaza kidogo kama anavyokaza msuko wa mtoto, usilegee na usiumize.

"Tulia hapo. Wifi! Endelea."

Redio ya jirani ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira. Kisha Baba Mapacha akafumbua macho.

"Amegusa."

"Ni kweli," ilitoka sauti jikoni, safari hii ndogo.

"Amegusa tena. Mara mbili, ya pili nyepesi." Akainua uso. "Sasa anavuta. Anavuta kwenda kushoto, polepole. Ameacha."

"Ni kweli," Kipaza alisema. "Nilivuta kushoto."

Mama Mapacha aliziba mdomo kwa upindo wa kitenge. Mumewe hakumwona, alikuwa anasikiliza kwa kidole, uso umeacha ugonjwa, umekuwa ule uliokuwa ukirudi na kokoto viatuni.

"Dada," alisema ghafla. "Mbona unatetemeka?"

Jikoni hapakujibiwa.

"Unalia, Dada. Nausikia uzi."

Hapo Kipaza, ambaye mtaa mzima ulijua kulia kwake kuwa ni kama king'ora, alikuwa amekaa juu ya kigoda bila sauti hata moja, machozi yanadondoka ndani ya beseni, vidole bado vimemshika mnyoo wa zambarau. Mama Mapacha alikwenda akapiga magoti kando yake, akamkumbatia, na maji ya beseni yakawalowesha wote wawili. "Sikumwachia," Kipaza alinong'ona. "Nilidhani nikimwachia uzi utalegea."

"Usimwachie," Baba Mapacha alisema kutoka kwenye kiti. "Kaa hapo hapo kidogo."

Jumatatu iliyofuata walikwenda bwawani, na uzi wa kusuka mpya kwenye kigurudumu. Kipaza aligoma kuongozana nao. Alisema ameshakuwa samaki, haoni sababu ya kwenda kutazama ndugu zake wanavyouawa. Alimvisha mdogo wake sweta mbili, akawafungia chai kwenye chupa na mkate, akasimama mlangoni mpaka gari la jirani likakata kona.

Maji yalikuwa meupe kweli, na ukingo wote kokoto. Mama Mapacha alivua viatu, akakaa kwenye jiwe, akaanza kuunganisha kipande cha kioo mbele ya uzi wa kusuka. Mumewe alimwelekeza kwa mdomo: zungusha, rudi, pitisha chini. Fundo la kwanza lilichomoka.

"Lowesha kwa mate kabla ya kukaza," alisema. "Ukikaza kavu, uzi unaungua."

"Mate! Ungeniambia mapema." Alilowesha, akakaza, akavuta kwa nguvu zake zote. Halikusogea. "Kuunganisha nywele za bandia na za kweli ndiko kulikowasomesha wanao, usinione mgeni."

Baba Mapacha alirusha kwa mikono miwili. Mara ya kwanza mnyoo alitua kwenye majani nyuma yao, mara ya pili karibu na miguu. Mama Mapacha aliangalia pembeni, akijifanya anatafuta kikombe. Mara ya tatu uzi ulikwenda mbali, ukaanguka bila kishindo. Aliweka kidole cha kushoto juu yake, akaanza kuvuta kidogo kidogo.

"Jiwe," alisema. "Jiwe lingine, hili lina utelezi. Hapa changarawe. Hapa pana shimo."

"Unayajua yote hayo?"

"Njoo."

Alikichukua kidole cha mkewe akakiweka karibu na chake. Mwanzoni Mama Mapacha hakusikia kitu. Halafu, kwa mbali, kama mtu anayetembea kwenye chumba cha pili, akasikia mnyoo wa plastiki akijikwaa juu ya mawe asiyoyaona. Kwa miaka yote ile alikuwa akicheka upande wake wa pazia. Alitaka kumwambia mumewe pole, au ahsante, hakujua lipi. Akakiacha kidole pale pale.

Samaki wa kwanza alionja akaondoka. Baba Mapacha alichelewa kuvuta. Wa pili vile vile. "Habari imefika," alisema, "mwenye nyumba ndiye mzito." Lakini hakuwa na huzuni. Walikunywa chai, jua likapanda, akavua sweta moja kisha ya pili.

Wa tatu aligonga Mama Mapacha akiwa anakata mkate. Baba Mapacha aliinua fimbo kwa mikono miwili na mwili mzima, nusura aende chali. Fimbo ikapinda. Uzi ukaanza kukata maji huku na huku.

"Kunja!" alipiga kelele. "Mkono huu haushiki kile kishikio! Kunja wewe!"

Mkate ukaanguka. Mama Mapacha alishika kishikio cha kigurudumu na kuanza kuzungusha.

"Polepole! Usikunje sasa, mwache akimbie! Haya kunja! Kunja, mama!"

"Amua moja!"

"Mambo yenyewe ni mawili!"

Walikanyagana miguu, walisukumana mabega, yeye ameshika fimbo na mkewe anazungusha, mpaka samaki akatokea ukingoni, wa rangi ya kijani iliyokolea, mdomo mpana kama mfuko. Hakuwa mkubwa wa kusimulia. Mama Mapacha aliingia majini mpaka magotini na kitenge chake, akamkumbatia kwa mikono miwili, akapiga ukelele uliowaamsha ndege wote wa ng'ambo.

Mkono wa kulia haukupona wakati ule, wala hata baadaye haukupona wote. Baba Mapacha hakunyoa tena. Kiti cha chuma alikodishiwa kinyozi mwingine, aliyejifunza upesi kusikiliza umbea wa pande mbili. Lakini Jumatatu ilirudi kuwa Jumatatu, na ikawa siku ambayo msusi naye hafungui.

Siku ile ya kwanza, Mama Mapacha alipotoka majini alimkuta mumewe ameshachagua mnyoo wa kijani kwa meno na mkono wa kushoto, anamnyooshea ndoano amsaidie kumvalisha.

"Bado unataka?" alimuuliza, huku anakamua kitenge. "Nimelowa hivi!"

"Kaa juani ukauke," alisema Baba Mapacha. "Pale kwenye lile shimo, yuko mwingine."